Uvira: Akwariamu moja iliyotumika ingetosha kuwaonyesha watoto ziwa lao

Mtoto aliyezaliwa Kalundu anajua kuogelea kabla hajajua kusoma. Anajua mukeke, ndakala, sangala na kuhe. Anajua pia kwamba mwezi ukiwaka sana wavuvi wa taa wanabaki nyumbani, na bei ya samaki sokoni inapanda. Lakini mwonyeshe picha ya samaki mdogo mweusi mwenye madoa meupe kama nyota za usiku, umwulize samaki huyo anaishi wapi. Huenda atajibu kwamba ni wa baharini, au wa Ulaya. Kumbe anaishi kwenye mawe ya Bemba, kusini ya mji, mahali ambapo pirogi hupita kila siku.

Wanasayansi wanamwita Tropheus duboisi. Jina hilo alipewa mwaka 1959 na Georges Marlier, mtafiti Mbelgiji aliyekuwa akifanya kazi hapahapa Uvira katika kituo cha IRSAC, ambacho ndicho mzazi wa Kituo cha Utafiti wa Maji na Viumbe vyake kinachojulikana leo kama CRH. Samaki wa jamaa hiyo sasa wanafugwa Ujerumani, Ubelgiji, Japani na Marekani, ndani ya masanduku ya kioo yaliyowekwa sebuleni. Mtoto wa huko anaweza kukaa kwenye kiti jioni nzima akimtazama mama samaki anavyobeba mayai mdomoni. Mtoto wa Uvira, mwenye ziwa mlangoni, hana mahali pa kuyaona hayo.

Ndiyo maana mji wa Uvira unahitaji akwariamu moja ya watu wote, yaani sanduku la kioo lenye samaki hai wa Tanganyika, mahali ambapo mwanafunzi yeyote anaweza kuingia akatazama. Haina lazima kuwa mpya. Iliyotumika na kuachwa na mwenyewe inatosha, mradi watu wa kuitunza wapatikane kabla ya kioo chenyewe. Na ile kazi ya kuitunza ndiyo itakayofundisha jambo ambalo mji huu umechelewa kujifunza: maji yakiisha kuharibika, kuyarudisha katika hali yake ni kazi ndefu, na kuna maji yasiyoweza kurudishwa kabisa.

Wafugaji wa matumbawe wanafundisha nini

Kati ya watu wote wanaofuga samaki katika kioo, wenye kazi ngumu zaidi ni wale wanaofuga viumbe vya bahari pamoja na matumbawe. Matumbawe ni wanyama wadogo wanaojenga miamba chini ya bahari, kama ile ya pwani ya Kenya, Tanzania na Zanzibar. Kuwaweka hai nyumbani kunataka maji yenye chumvi karibu gramu 35 kwa kila lita, joto la nyuzi 24 hadi 27, taa kali, maji yanayozunguka mchana na usiku, na mtu anayepima maji kila wiki. Gharama ni kubwa. Wengi huanza kwa furaha, kisha siku moja umeme unakatika au mfugaji anasafiri, na anaporudi anakuta kila kitu kimekufa. Hapo kioo, stendi na pompi vinauzwa kwa bei ya kutupa.

Anayenunua akwariamu ya namna hiyo hupitia hatua ambazo wazoefu wanazijua kwa moyo. Ya kwanza ni kuuliza historia yake. Je, mwenyewe alitia dawa ya shaba kutibu magonjwa ya samaki? Shaba hujificha katika mawe, mchanga na hata katika gundi ya silikoni, kisha hutoka polepole na kuua konokono, kamba na matumbawe. Muuzaji asiyejibu swali hilo vizuri, bora kumwacha.

Ya pili ni kukagua viungo. Silikoni inayobanduka kwenye kona ni hatari, kwa sababu lita 400 za maji ni kilo 400, mbali na mchanga, mawe na kioo chenyewe. Sanduku linawekwa mahali palipo sawasawa, linajazwa maji na kuachwa siku moja au mbili. Kama linavuja, ni heri livuje likiwa tupu, bila samaki.

Ya tatu ni kusafisha. Ukoga mweupe wa chokaa unatolewa kwa siki na kitambaa, kisha kioo kinasuuzwa mara nyingi. Sabuni hairuhusiwi, maana inabaki na kuumiza samaki. Mchanga wa zamani mara nyingi unatupwa. Ndani yake umejikusanya uchafu wa miaka, na chini kabisa, mahali pasipofika hewa, panatokea gesi yenye harufu ya yai bovu. Mtu akikoroga mchanga huo samaki wakiwa ndani, anaweza kuwaua wote kwa saa chache.

Ya nne ndiyo inayowashinda wengi, nayo ni kungoja. Maji mapya, hata yakiwa meupe kama machozi, bado si maji ya kuishi samaki. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Bakteria wa aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa kama haikuzidi. Bakteria hao hawaonekani kwa macho, nao huchukua wiki nne hadi sita kuenea kwenye mawe na mchanga. Anayetia samaki kumi siku ya kwanza anawazika siku ya kumi.

Uvira haina haja ya akwariamu ya bahari. Bahari ya Hindi iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, na chumvi maalumu ya kutengenezea maji yake si bidhaa ya soko la Mulongwe. Lakini hatua hizo nne zinafaa kwa akwariamu yoyote. Tena wapo wafugaji wa Ulaya waliochoka na matumbawe ambao hugeuza vioo vyao kuwa nyumba ya samaki wa Tanganyika. Sababu ni kwamba maji ya ziwa hili yanakaribia tabia ya maji ya bahari kwa jambo moja: ni magumu, yana madini mengi, na hayana uchachu. Kipimo chake cha pH ni karibu 9, wakati bahari ina kama 8.2. Mchanga wa matumbawe uliobaki katika sanduku, kama haukuguswa na shaba, unaoshwa na kutumiwa tena, kwa kuwa unasaidia maji kubaki katika hali hiyo. Mtu wa Ulaya hununua chumvi za madini na mtambo wa kupasha maji moto ili aige maji ambayo mtu wa Uvira anayateka kwa bidoni.

Kwa hiyo nusu ya gharama inayowashinda wengine, hapa haipo. Maji yapo. Joto lipo. Mawe yapo, mchanga upo, na samaki wapo. Kinachokosekana ni kioo kimoja na watu wa kukisimamia.

Ziwa ni sanduku lisilobadilishwa maji

Kuna jambo jingine ambalo mfugaji wa samaki wa bahari hujifunza mapema. Maji yakipungua kwenye sanduku kwa sababu ya joto, ni maji tu yaliyoondoka na chumvi imebaki. Akijazia maji mengine yenye chumvi, baada ya muda yanazidi ukali na viumbe vinakufa. Ndiyo maana hujazia maji matamu, na kila wiki huondoa sehemu moja ya kumi ya maji yote na kuweka mengine mapya. Uchafu wowote usiooza hauna njia nyingine ya kutoka, ila kwa mkono wake.

Sasa litazame Ziwa Tanganyika kwa jicho hilo. Lina urefu wa karibu kilomita 670 na kina kinachofika mita 1,470. Duniani ni Ziwa Baikal la Urusi pekee linalolizidi kina. Linapokea maji ya Ruzizi, Malagarasi na mito mingi midogo kama Mulongwe na Kalimabenge. Mlango wake wa kutokea ni mmoja, mto Lukuga kule Kalemie, nao hubeba kiasi kidogo tu. Sehemu kubwa ya maji yanayoondoka Tanganyika yanaondoka kwa kupanda hewani kama mvuke. Chumvi, udongo, mafuta ya injini na plastiki havipandi hewani. Vinabaki.

Tena, ukubwa wa ziwa unadanganya. Samaki hawaishi katika kina chake chote. Upande huu wa kaskazini hewa ya oksijeni inashuka hadi kama mita 100 tu, na wakati mwingine haifiki hapo. Chini ya hapo ni maji yasiyo na uhai wa samaki, yenye gesi ileile ya harufu ya yai bovu inayopatikana kwenye mchanga mzee wa akwariamu. Wale wenye rangi, wanaokula majani madogo yanayoota juu ya mawe, wanaishi katika mita chache za kwanza, karibu kabisa na ufuko. Ndiko maji ya mvua yanakoshukia, na ndiko mifuko ya plastiki inakotua.

Hakuna mtu atakayeondoa sehemu ya kumi ya maji ya Tanganyika Jumamosi na kuweka mengine. Mfugaji akikosea anaanza upya kwa mwezi mmoja. Ziwa hili lina umri unaohesabiwa kwa mamilioni ya miaka, na samaki wake wa jamaa ya kuhe, aina zaidi ya 200, karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Aina iliyokwisha hapa haitanunuliwa dukani.

Udongo unaoshuka milimani

Mtu anaweza kusema kwamba uchafu wa ziwa ni maneno ya wazungu. Basi asimame kwenye mlango wa Mulongwe baada ya mvua kubwa. Maji mekundu yanaingia ziwani kama chai iliyotiwa maziwa, yanafuata ufuko, na kwa muda mrefu hayachanganyiki. Udongo huo umetoka katika milima iliyo juu ya mji, iliyokatwa miti kwa ajili ya makaa na kulimwa hadi kwenye miteremko mikali. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto huohuo ulishuka na mawe na magogo. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba ziliharibika, na familia nyingi zililala nje. Mji ulilia watu wake na mali yake, kama ilivyopasa. Lakini tope lile lote halikusimama kwenye avenyu. Liliendelea hadi ziwani na kutua juu ya mawe.

Samaki kama Tropheus hula kwa kukwangua mawe. Jiwe likifunikwa na tope, meza yake imefunikwa. Samaki anayetaga kwenye nyufa za mawe, ufa ukijaa tope, nyumba yake imezibwa. Mwaka 1993 ulichapishwa utafiti uliolinganisha fuko za kaskazini ya ziwa hili, upande wa Burundi na wa Zaire ya wakati ule. Ulionyesha kwamba mahali ambapo milima imeharibiwa sana na udongo unashuka kwa wingi, aina za viumbe zinazopatikana majini ni chache kuliko mahali penye milima yenye miti. Zaidi ya miaka 30 imepita tangu hapo. Mji umekua, na miti haikuongezeka.

Nchi nne zinazogawana ziwa, yaani Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, zilitia sahihi mkataba wa kulilinda huko Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na mamlaka ya ziwa ina makao yake Bujumbura. Mkataba ni jambo jema. Lakini mkataba hauingii darasani, na mtoto hapendi kitu ambacho hajakiona.

Elimu ilitoka hapa ikaenda mbali

Jambo la kusikitisha ni kwamba Uvira si mji wa pembeni katika elimu ya ziwa. Ni mmoja wa miji ambako elimu hiyo ilianzia. Baada ya Marlier na wenzake wa IRSAC, kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 watafiti wa Japani walikuja kuzamia kwenye mawe ya pwani hii wakishirikiana na watafiti Wakongo wa kituo cha Uvira. Mmoja wa Wajapani hao, Michio Hori, aliandika mwaka 1993 katika jarida la Science kuhusu samaki anayeishi kwa kung'ata magamba ya samaki wengine. Mdomo wa samaki huyo umepinda, kwa wengine kushoto na kwa wengine kulia, ili kila mmoja ashambulie ubavu wake. Wale wa upande mmoja wakizidi kuwa wengi, samaki wanaoshambuliwa wanajihadhari na upande huo, na wale wa upande wa pili wanapata nafasi. Habari hiyo imewashangaza watu wa vyuo vikuu vya dunia nzima. Ni wanafunzi wangapi wa Uvira waliowahi kuisikia?

Ng'ambo ya ziwa, Bujumbura, Mbelgiji Pierre Brichard alianza katika miaka ya 1970 kuwauza samaki hao nje kwa ndege, na mwaka 1978 akatoa kitabu kikubwa juu ya samaki wa Tanganyika. Tangu hapo biashara imeenea pande zote za ziwa. Majina ya vijiji vya pwani hii yamekuwa majina ya biashara. Ulaya mtu anaagiza Tropheus wa Bemba, wa Luhanga au wa Kiriza, maana kila sehemu ya mawe ina rangi yake, na mnunuzi wa mbali anazitofautisha. Mkaazi wa Luhanga mwenyewe hajui kwamba jina la kijiji chake linasomwa kwenye vioo vya watu.

Biashara hiyo nayo inataka macho. Mama Tropheus hutaga mayai machache, mara nyingi chini ya 15, na kuyabeba mdomoni karibu mwezi mzima. Samaki wa namna hiyo akivuliwa kupita kiasi hawezi kurudi haraka kama ndakala. Kijiji kisichojua thamani ya kilicho kwenye mawe yake hakiwezi kukilinda, wala kudai haki yake kinapochukuliwa.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema: mji una kipindupindu, mabomba yanakauka, na nyinyi mnataka kuwawekea samaki maji masafi kwenye kioo! Hoja hiyo ni nzito na haifai kuchekwa. Uvira imeishi na kipindupindu kwa miongo mingi. Utafiti uliofanywa mjini humu na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba siku ambayo maji ya bomba yanakatika, wagonjwa wanaolazwa wakishukiwa kuwa na kipindupindu huongezeka katika siku 12 zinazofuata. Maana bomba likikauka, mama anachukua bidoni na kushuka ziwani au mtoni.

Lakini hoja hiyohiyo ndiyo inayoipa akwariamu nguvu. Hakuna mtu anayeomba franka ya bomba ihamishiwe kwenye kioo. Bomba ni la kwanza, na REGIDESO na washirika wake waendelee kudaiwa maji. Akwariamu ni chombo cha kufundishia, kama ubao na chaki. Mwanafunzi aliyeona kwa macho yake kwamba maji meupe kabisa yaliua samaki kwa sababu ya amonia isiyoonekana, huyo hatahitaji hotuba ndefu kuelewa kwamba maji ya ziwa yanayong'aa yanaweza kubeba kipindupindu. Atanawa mikono baada ya kugusa maji ya akwariamu, na atajua kwa nini ananawa.

Hoja ya pili ni umeme. Kila mtu anajua hali ya umeme wa SNEL. Lakini samaki hawa hawahitaji taa kali za matumbawe wala mtambo wa joto. Wanahitaji pompi ndogo ya hewa inayotumia kama wati 5. Pano ya jua ya wati 50 na bateri moja vinaweza kuiendesha mchana na usiku. Hivyo ni vifaa ambavyo vinyozi na wachaji wa simu wa Uvira wanavijua vizuri kuliko mhandisi yeyote.

Hoja ya tatu ndiyo yenye ukweli mchungu zaidi: kitu cha watu wote hakina mwenyewe. Uvira imeona miradi mingi ikizinduliwa kwa wimbo na kibao, na baada ya mwaka kinachobaki ni kibao. Akwariamu itakufa haraka kuliko kisima, maana samaki hawangoji mkutano wa kamati. Kwa hiyo isianze na pesa. Ianze na watu.

Namna ya kuanza

Jambo hili likifanywa, lifanywe kwa udogo. Shule moja ya sekondari, prefe mmoja anayekubali, mwalimu mmoja wa biyolojia, na wanafunzi sita wanaopokezana wawili wawili. Watafiti wa CRH, ambao wako mjini humuhumu, waombwe ushauri tangu siku ya kwanza, si siku ya kukata utepe. Kioo cha lita 200 kinatosha. Kama hakuna kilichotumika kinachopatikana Bujumbura au Kigoma, fundi wa vitre wa hapa anaweza kukitengeneza kwa vioo vinene na silikoni isiyo na dawa ya kuua kuvu, na kikapimwa kwa maji siku mbili kama vinavyopimwa vile vya zamani.

Maji yatekwe mbali na milango ya mito na mbali na mahali pa kufulia. Yakitoka bombani, yaachwe siku moja au mbili ili klorini itoke, kwa sababu klorini inaua bakteria wale wanaongojewa. Mawe yatolewe ziwani yakiwa na maji na yasiachwe kukauka juani, maana wakaazi wake wasioonekana ndio wanaosaidia sanduku kuanza maisha. Kisha watu wangoje mwezi.

Samaki wa kwanza wasiwe Tropheus, ingawa ndio wazuri zaidi kwa macho. Hao ni wagomvi, wanataka kundi kubwa, na wakilishwa vibaya tumbo linavimba wanakufa. Waanze na Neolamprologus brichardi, mdogo mwenye mkia kama mwezi mchanga, ambaye Ulaya anaitwa Binti Mfalme wa Burundi. Kwa samaki huyo watoto wakubwa hubaki nyumbani kulinda wadogo zao. Mwanafunzi wa Uvira anayelea wadogo zake atamwelewa bila kufundishwa. Au waanze na samaki wadogo wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, ambao wanatosheka na nafasi ndogo.

Wachukuliwe wachache, mahali pamoja, kwa ruhusa ya idara inayohusika, na wasirudishwe ziwani mahali pengine. Samaki wa Luhanga asitupwe Bemba. Rangi zilizotenganishwa kwa maelfu ya miaka zinaweza kuchanganywa na mtoto mmoja mwenye ndoo na moyo mzuri.

Na iwepo kaye moja, iliyofungwa kwa kamba kando ya kioo. Kila siku aandikwe jina la aliyelisha. Kila Jumamosi aandikwe aliyebadilisha maji na kiasi alichobadilisha. Samaki akifa, iandikwe kwa nini, hata kama sababu inamwaibisha mtu. Kaye hiyo itamwonyesha mgeni hali ya mradi kuliko kibao chochote. Ikiwa na wiki mbili tupu, kila mtu atajua kinachokuja.

Wakati kioo kinatafutwa, shule yoyote ya ufukoni inaweza kuanza leo bila senti. Mvua ikinyesha, wanafunzi wajaze chupa moja kwenye mlango wa Mulongwe na nyingine mbali na mito, mahali penye mawe na maji meupe. Waziweke dirishani kwa wiki moja bila kuzigusa. Tope litashuka lenyewe chini ya ile ya kwanza. Wachukue rula, wapime unene wake, waandike tarehe na kipimo. Mvua ijayo wapime tena, na mwaka ujao wadogo zao wapime. Chupa hizo zikipangwa mstari mmoja kwenye dirisha la darasa, mtu wa komini, mchoma makaa na mzazi wote wataweza kuzisoma, hata asiyejua kusoma.